Bukavu: Kabla ya kuchimba parseli, mtu aulize udongo utaenda wapi

Mvua ikisha kukatika mwezi wa sita, sauti ya sururu inaanza kusikika kila upande wa Bukavu. Huko Panzi, Cimpunda, Nyakavogo na Muhungu, wale waliokuwa wakiweka pesa kidogo kidogo tangu mwaka jana wanaanza kukata mlima. Mmoja anachimba msingi wa nyumba, mwingine choo, mwingine anataka kupanua uwa ili watoto wapate mahali pa kuchezea na gari ipate mahali pa kulala. Ni jambo la kufurahia, sababu mji unajengwa na watoto wake wenyewe. Lakini mvua ya mwezi wa tisa ikirudi, kazi hizo hizo ndizo zinajaza matope katika nyumba za watu wa chini, na mara nyingine zinabomoa ukuta wa jirani watu wakiwa ndani wamelala.

Sababu moja inasemwa mara chache. Wakaaji wengi wanamchagua mtu wa kuchimba kama vile wanavyochagua nyanya sokoni: wanauliza bei kwa watatu, wanamchukua wa bei ya chini, wanampa avansi na kurudi kazini kwao. Akija fundi wa kujenga watamuuliza maswali mengi juu ya simenti na vyuma. Akija mtu wa kuchimba, hakuna anayeuliza kitu, kwa kuwa wanaona kuchimba ni nguvu tu, hata mtoto wa jirani anaweza. Hapo ndipo kosa linaanzia. Katika mji uliojengwa juu ya mteremko kama Bukavu, kuchimba ndiyo kazi ya hatari kuliko zote za nyumba, na anayeifanya ni fundi kama fundi mwingine, au angepaswa kuwa fundi.

Kisa cha kawaida huwa hivi. Mwenye parseli anaita kapita, yule anayeongoza kikundi cha vijana wachimbaji. Kapita anafika, anaangalia mteremko akiwa amesimama barabarani, anapiga hatua mbili tatu, kisha anasema: "Papa, hii udongo iko muzuri, haitasumbua. Tufanye forfe, mu juma mbili tumemaliza." Wanavutana juu ya bei, wanakubaliana, avansi inatoka siku ile ile. Hakuna karatasi. Hakuna aliyetaja udongo utatupwa wapi, wala ni nani atajenga ukuta wa kuzuia udongo wa jirani wa juu, na lini. Juma la kwanza kazi inakwenda vizuri. Juma la pili kapita anasema pesa haitoshi kwa kuwa udongo ni mwingi kuliko alivyofikiri. Juma la tatu vijana hawaji tena, na nyuma ya parseli unabaki ukuta wa udongo mtupu wa mita tatu, umesimama wima, na juu yake kuna jiko la jirani.

Tufanye hesabu, kwa sababu ni hesabu ambayo ingefaa kufanywa kabla ya avansi kutoka. Chukua parseli ya mita 10 kwa 12, yenye mteremko wa mita tatu kutoka nyuma hadi mbele. Huo si mteremko mkali kwa Bukavu. Kuna sehemu za Kadutu ambako watu wangeuita tambarare. Mwenye parseli akitaka kuisawazisha yote kwa usawa wa barabara, atakata umbo la kabari: 10 mara 12 mara 3, gawa kwa mbili. Ni mita 180 za ujazo. Udongo ukichimbwa unavimba, karibu robo moja au zaidi, kwa hiyo rundo litakaloonekana ni kama mita 230 za ujazo. Lori la benne la mita tano litafanya safari 46. Na pale ambapo lori halifiki, yaani sehemu kubwa ya mji huu, udongo unabebwa katika mifuko. Mita moja ya ujazo ya udongo ambao haujachimbwa ina uzito wa karibu tani moja na nusu hadi mbili. Kwa mifuko ya kilo 50, kazi hiyo ni mifuko karibu 6,000.

Mifuko elfu sita ikishuka ngazi za matope juu ya mgongo wa mtu. Kapita aliyesema juma mbili hakupiga hesabu hiyo, na mwenye parseli naye hakuipiga. Bei waliyokubaliana ilikuwa ya shimo tu. Bei ya kubeba haikuwemo ndani, na kubeba mara nyingi kunakula pesa nyingi kuliko kuchimba kwenyewe. Ndiyo maana udongo unaishia pale ulipo karibu zaidi: pembeni ya avenii, katika mfereji ambao wakaaji wanauita kanivo, au katika bonde ambako maji ya mvua yamezoea kupita.

Jumamosi ya salongo watu wote wa avenii wanatoka na majembe kuzibua kanivo. Wanatoa chupa za plastiki, ndiyo, na kila mmoja analaumu chupa. Lakini aangalie vizuri kinachotoka katika jembe lake: sehemu kubwa ni udongo mwekundu, na udongo huo haukushuka wenyewe kutoka mbinguni. Ulitoka katika parseli ya mtu anayejulikana kwa jina, naye huenda siku hiyo amesimama hapo hapo na jembe mkononi. Mji mzima unamsaidia bure kubeba mzigo ambao alikataa kulipia.

Kuna wengine wenye akili ya kuuza udongo au kuutoa kwa anayetaka kujaza shimo. Ni vizuri, ikiwa yule anayejaza anajua kwamba udongo wa kujaza haubebi nyumba. Udongo uliomwagwa unaendelea kushuka miaka na miaka, na mvua ikiingia ndani unashuka kwa siku moja. Nyumba ambayo nusu yake imesimama juu ya udongo wa asili na nusu juu ya udongo wa kumwaga itapasuka katikati, hata kama simenti ilikuwa nyingi. Nyufa hizo zinaonekana sehemu nyingi mjini, na wenye nyumba wanazifunika kwa rangi.

Turudi kwa ule ukuta wa udongo wa mita tatu. Udongo wa Bukavu kwa sehemu kubwa umetokana na mawe ya volkano ya zamani sana yaliyooza, ni mwekundu na una mfinyanzi mwingi. Wakati wa kiangazi unakuwa mgumu kama tofali, unaweza kuukata wima na ukasimama miezi mitatu bila kuanguka hata donge moja. Ndiyo unaodanganya watu. Mwezi wa nane mwenye parseli anauonyesha kwa wageni na kusema, "Munaona, hauhitaji hata ukuta." Mwezi wa kumi umekunywa maji, umekuwa mzito, umekuwa laini, na nguvu iliyokuwa ikiushika imekwisha. Hapo unashuka mara moja, mara nyingi usiku, kwa sababu mvua ndefu zimeingia ndani polepole na hazikusubiri kukuche.

Watu wa Goma wana shida nyingine, na pengine ndiyo maana wana adabu zaidi mbele ya shimo. Kule mtu anachimba juu ya mawe ya Nyiragongo, na sehemu kubwa ya katikati ya mji ilifunikwa na lava ya Januari 2002. Ili kupata shimo la choo inabidi kuvunja jiwe kwa nyundo na mtaimbo siku nyingi, na kila mita inalipiwa kwa jasho. Kwa hiyo hakuna anayechimba zaidi ya anachohitaji. Na jiwe lililotoka halitupwi, linarudi katika msingi na katika ukuta wa uwa. Huku Bukavu sururu inaingia kwa urahisi, na urahisi huo umewafanya watu wakate mlima bila kufikiri.

Mafundi wazuri wapo, na wanajulikana kwa namna wanavyoanza. Hawaanzi na sururu. Wanapanda kwanza kwa jirani wa juu, wanabisha hodi, wanaangalia msingi wake uko umbali gani na mpaka, maji ya paa lake yanamwagika wapi, choo chake kiko upande gani. Kisha wanafunga kamba. Hawakati upande wote wa nyuma kwa mara moja. Wanakata kipande cha mita mbili au tatu, wanaacha kipande kinachofuata kikisimama, masoni anajenga ukuta wa mawe katika kile kipande kilichofunguliwa, ndipo wanahamia kwingine. Kazi inakwenda polepole na mwenye pesa anakasirika, lakini udongo wa jirani haubaki peke yake hata siku moja ukiwa wazi kwa urefu wote.

Na ukuta wenyewe si wa kuremba. Ukuta wa mawe wa kuzuia mita tatu za udongo unahitaji unene wa karibu mita moja pale chini, theluthi moja ya kimo chake, na unaweza kupungua ukienda juu. Nyuma yake yawekwe mawe madogo au changarawe, na katika mwili wake yaachwe matundu yenye bomba ili maji yatoke. Wengi wanaziba matundu hayo kwa sababu yanachafua uwa. Ukuta usio na matundu umegeuka bwawa: haushiki udongo tu, unashika udongo pamoja na maji yote ya mvua, na hakuna ukuta wa matofali ya simenti ya sentimita 15 utakaosimama mbele ya mzigo huo. Watu wanaona ukuta umeanguka na kusema ni mawe mabaya, au ni wivu wa jirani, ilhali ni maji yaliyokosa njia.

Sasa, ni nani anayelipa ukuta huo? Hapa ndipo majirani wanafikishana mbele ya shefu wa avenii, kisha kwenye biro ya kartie, kisha mahakamani. Aliye chini anasema: udongo ni wako, uzuie mwenyewe. Aliye juu anajibu: udongo ulikuwa umelala, wewe ndiye uliyeuamsha. Kwa haki, aliye juu ana neno lenye nguvu. Kitabu cha tatu cha sheria ya kiraia ya Congo, katika kifungu cha 258, kinasema kwamba kila tendo la mtu linalomletea mwingine hasara linamlazimu yule aliyekosa kuirekebisha. Aliyekata mlima ndiye aliyetenda. Hawezi kusema, "Ni kapita aliyekata." Kapita alikata kwa agizo lake na kwa faida yake. Kama mwenye parseli anataka kapita naye abebe sehemu ya mzigo huo, basi iandikwe kabla, na amchague kapita mwenye jina na anwani, si yule ambaye simu yake inazimika siku udongo unaposhuka.

Zaidi ya majirani wawili kuna mlima wenyewe. Wakaaji wa Funu, katika komini ya Kadutu, wanajua kwamba ardhi yao inatembea. Nyumba zinapinda, milango inakataa kufunga, mabomba ya Regideso yanakatika na kuunganishwa tena na kukatika tena. Watafiti wamelifuatilia poromoko hilo kwa picha za angani za miaka mingi na kwa satelaiti, na utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba limezidi kasi kadiri mtaa ulivyojengwa juu yake. Hilo ni neno zito. Maana yake kila paa linalomwaga maji pasipo njia, kila bomba linalovuja, kila mkato katika mteremko umeongeza kitu. Hakuna hata mmoja aliyesukuma mlima peke yake, na wote pamoja wameusukuma.

Na mtu asifikiri mambo hayo ni ya pale tu. Mwezi wa tano mwaka 2023, huko Kalehe, maji na matope vilishuka juu ya Bushushu na Nyamukubi kwa jioni moja na kuua watu zaidi ya 400. Kule haikuwa kosa la mchimbaji wa parseli, ilikuwa mvua kubwa juu ya milima iliyovuliwa miti. Lakini tangu siku hiyo hakuna mkaaji wa Kivu ya Kusini anayeweza kusema kwamba hajui udongo na maji vinaweza kufanya nini vikikutana.

Kuna jambo lingine ambalo wenye parseli hawapendi kusikia, nalo ni maisha ya wale vijana walio ndani ya shimo. Mita moja ya udongo wa ujazo, kama ilivyosemwa juu, inakaribia uzito wa gari dogo. Kijana akiwa ndani ya mtaro wa mita mbili na upande mmoja ukashuka, hata kama kichwa chake kimebaki nje, kifua hakiwezi tena kujaza hewa. Wenzake wanachimba kumtoa, na mara nyingi wanachelewa. Kwa hiyo kuanzia kina cha mita moja na nusu, pande za shimo zilazwe mteremko au zishikiliwe na mbao, na udongo uliotolewa usirundikwe ukingoni. Uwekwe mbali, walau hatua mbili. Mbao chache za kukodi ni gharama ndogo. Lakini katika forfe ya bei ya chini hakuna mbao, kwa sababu kapita angezilipa mfukoni mwake.

Shimo la choo ni baya zaidi. Parseli ni ndogo, choo kipya kinachimbwa karibu na cha zamani, na katika kina cha mita nne au tano ukuta kati ya mashimo hayo mawili unakuwa mwembamba. Unaweza kupasuka, au hewa mbaya inaweza kupenya polepole na kujaa chini. Hewa hiyo haina haja ya kunuka ili kuua. Watu wa pande za Goma wanaijua kwa jina la mazuku, ile gesi ya kaboni inayotoka ardhini na kukaa katika mabonde kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, na mbuzi anayelala humo haamki. Katika shimo la choo mambo ni ya namna ile ile: wa kwanza anazimia, wa pili anashuka kumsaidia naye anazimia, wa tatu anawafuata. Mchimbaji mwenye kujua kazi anashuka akiwa amefungwa kamba kiunoni, na juu kuna wawili wanaomsemesha kila mara. Akiacha kujibu, wanamvuta, hakuna anayeshuka. Mwenye parseli anayeona vijana wanashuka bila kamba na kuendelea kunywa chai yake amekwisha kukubali kitakachotokea.

Wapo watakaosema kwamba katapila ingemaliza yote hayo, bila vijana ndani ya shimo na bila kapita wa kuvutana naye. Katika parseli iliyo tambarare, yenye barabara pana, ni kweli, mashine inafanya kwa saa chache kazi ya juma zima. Lakini inalipiwa kwa saa, pamoja na mafuta na safari ya kuileta, na kila mwenye kulipa kwa saa anataka ikate haraka. Hapo inafungua mita tatu za mlima kwa upana wote kabla ya saa sita mchana, na masoni ataanza kutafuta mawe juma lijalo. Mambo yale ambayo kipande kwa kipande kingeepusha, mashine inayaleta yote kwa siku moja, na tena inatikisa msingi wa jirani. Katapila bila mawe yaliyokwisha kufika kwenye shantie isingeruhusiwa kuingia katika avenii yenye mteremko.

Jibu la wakaaji wengi linajulikana: yote hayo ni ya matajiri. Mtu aliyenunua parseli yake kwa dola zilizokusanywa miaka sita, na anayelipa kodi ya nyumba kila mwezi huku akijenga, atatoa wapi pesa ya ukuta wa mita moja ya unene? Neno hilo ni la kweli na halistahili kuchekwa. Lakini hesabu ile ile inatoa njia. Badala ya kusawazisha parseli nzima kwa mkato mmoja wa mita tatu, mtu akiikata kwa ngazi mbili, kila moja mita sita kwa kina na mita moja na nusu kwa kimo, udongo wa kutoa unakuwa mita 90 za ujazo badala ya 180. Ni nusu. Mifuko 3,000 badala ya 6,000. Na kila ukuta wa kuzuia utakuwa wa mita moja na nusu, ambao unahitaji unene wa nusu mita tu chini, kazi ambayo masoni wa kawaida anaiweza. Nyumba itakuwa na vyumba viwili juu na sebule chini, ngazi chache katikati. Wazee waliojenga katika milima hii kabla ya simenti walifuata mlima. Hawakuulazimisha kuwa uwanja wa mpira.

Kwa hiyo maskini ndiye mwenye faida zaidi ya kumpata mchimbaji mwenye kufikiri, kwa sababu mchimbaji huyo atamwambia achimbe kidogo. Mwenye tamaa hatasema hivyo hata siku moja, maana analipwa kwa kila mfuko.

Namna ya kumtambua ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Asiulizwe tu amechimba parseli ngapi. Aulizwe ni ipi aliyochimba miaka miwili iliyopita, na mwenye kumtafuta aende kuiangalia. Kazi ya kiangazi hiki haionyeshi chochote. Ile iliyokwisha kupita katika mvua mara mbili ndiyo yenye kusema, na jirani wa juu wa parseli hiyo atasema zaidi kuliko mwenye parseli. Kisha karatasi, hata ya daftari la mwanafunzi: vipimo vya kukata, mahali udongo utakapopelekwa na nani analipa kubeba, ukuta utajengwa kwa vipande gani, bei, na sahihi za watu wawili pamoja na shahidi. Malipo yatoke kwa hatua. Avansi ya vifaa na chakula cha siku za kwanza, sehemu nyingine kipande cha kwanza cha ukuta kikisimama, na sehemu ya mwisho ibaki hadi udongo wote umeondoka kwenye avenii. Kapita anayekataa mpango huo kabisa, anayetaka nusu ya pesa leo na maneno kesho, amekwisha kujieleza.

Lakini karatasi ile imlinde na kapita. Katika mji huu wachimbaji wanadanganywa mara nyingi kama wanavyodanganya. Mwenye parseli anaongeza kazi, "Kaka, unipanulie kidogo hapa," kisha siku ya malipo hakumbuki kuongeza. Jiwe kubwa linakutwa chini na siku nne zinapotea kulivunja, na hakuna anayetaka kuzilipa kwa kuwa "tulisema forfe." Vijana wanaorudi nyumbani jioni bila pesa ya unga ndio wale wale watakaokuwa na haraka kesho yake ndani ya mtaro. Iandikwe basi kwamba jiwe likionekana, wanakaa chini wanazungumza upya.

Viongozi nao wana sehemu yao, ingawa ni vigumu kuwaambia. Sheria inataka mtu apate ruhusa ya kujenga kabla ya kuanza, na huduma ya mipango ya mji ndiyo yenye kuiangalia. Wakaaji wanajua inavyokwenda: mtumishi anafika kazi ikiwa imefika katikati, anaandika, kitu kidogo kinatoka, kazi inaendelea. Katika ziara hizo swali linaloulizwa ni karatasi iko wapi. Mara chache sana linaulizwa la ukuta. Ingekuwa bora mara mia mtumishi huyo aje kabla ya sururu ya kwanza, apande kwa jirani wa juu, na aseme kina ambacho hakipaswi kupitwa bila ukuta. Hiyo haihitaji bajeti ya Kinshasa.

Na pale ambapo serikali haifiki, shefu wa avenii anafika, kwa kuwa anaishi hapo. Yeye anajua ni nani anayeanza kuchimba, mara nyingi kabla ya mkewe mwenyewe kujua. Daftari lake lingeweza kuwa na ukurasa mmoja wa kila kiangazi: parseli fulani inachimbwa, kapita ni fulani, simu yake ni hii, udongo unakwenda mahali fulani, jirani wa juu amejulishwa na ameweka sahihi. Siku ya salongo, kanivo ikikutwa imejaa udongo mwekundu, ukurasa huo unafunguliwa, na mwenye mzigo anaitwa aje na burueti yake kabla ya majirani kuanza kuzibua.

Bado kuna juma chache za jua. Aliyekwisha kukata na hajajenga, aache mapambo ya mbele ya nyumba, anunue mawe kwanza na ajenge nyuma, hata kimo cha mita moja tu, na juu yake alaze udongo mteremko badala ya kuuacha wima. Pale juu ya mkato achimbe kijifereji cha kugeuza maji ya jirani yasishukie hapo. Plastiki ya kufunika inasaidia siku chache, si msimu. Na aliye juu, anayeona ufa mpya katika ardhi ya uwa wake sambamba na ukingo, asingoje kikao cha familia: watoto walale chumba cha upande mwingine usiku huo huo, na asubuhi ashuke kubisha hodi kwa jirani wa chini.

Anayefikiria bado, na pesa yake haijatosha ukuta, afadhali asubiri mwezi wa sita ujao. Mteremko ambao haujaguswa utamngoja.